Ruhani Niliyemtaja Mimi

Katika kabati langu hapa Kamachumu, chini ya mashuka, kuna kifurushi ambacho sijakifungua tangu tulipomzika dada yangu. Najua kilichomo: shuka nyeupe iliyokunjwa mara nne, mrashi wa shaba wa kunyunyizia marashi, na chetezo cha udongo chenye ufa mdomoni. Ni mali ya ruhani. Watoto wa dada walikileta matanga yalipokwisha, wakakiweka kitandani kwangu bila maelezo, kama mtu anayemrudishia jirani sufuria yake, wakapanda gari wakarudi kwao Mwanza. Mimi nimefundisha shule miaka thelathini na mitano. Rozari nimeisali tangu sijaota meno ya ukubwani. Na bado nikitaka shuka ya kutandika nachukua ile ya juu tu, wala mkono wangu hauendi chini zaidi. Majirani wa Izigo, kijijini kwetu, waliuliza, wengine kwa mdomo na wengine kwa macho, imekuwaje mwanamke Mwislamu wa Mwanza, bibi mwenye wajukuu na heshima zake, azikwe kwenye migomba ya Kikatoliki ambako hakukanyaga kwa zaidi ya miaka hamsini. Niliwajibu kwamba alitaka mwenyewe. Ni kweli, ila ni kweli fupi, na ile ndefu inanihusu mimi.

Ilikuwa siku za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru, na mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Shule ya Izigo iliishia darasa la nne. Dada yangu Leokadia alikuwa ameolewa Bukoba mjini na karani wa bandari, Rajabu, akasilimu na kuitwa Salma, na Tata, yaani baba yetu, akaapa kwamba hatakanyaga nyumba ile. Lakini shule ya masista ilikuwa mjini, na nyumba ile ilikuwa na kitanda cha bure, basi kiapo cha baba hakikunihusu. Siku ananipeleka, alinifikisha hadi pale njia ya Bakoba, ukingoni mwa mji, inapokata, akanikabidhi mkungu wa ndizi na kusema, "Ukifukuzwa, ukirudi, jembe liko pale pale ulipoliacha." Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Wenzangu wa darasa la nne walikuwa tayari wanapalilia kahawa, na wawili walikuwa wameshachumbiwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne na ua. Mwenye nyumba hasa alikuwa mama mkwe wa dada, Bi Zena, mwanamke wa asili ya pwani aliyeletwa Bukoba na mume mfanyabiashara, akafiwa, akabaki. Kihaya chake kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, ondoka. Jikoni kwake nilijifunza kula wali uliopikwa na iliki, na kujifanya sizitamani ndizi za nyumbani, maana kwetu hata ugali ulikuwa habari ya njaa, chakula ni ebitoke. Yeye naye alizoea ndizi zetu na maharage, ila hakuwahi kukubali senene. Msimu wa senene ulipofika, dada na mimi tulikaanga nyuma ya ua na kula kwa kujificha kama wezi, naye Bi Zena akipita alifunika pua kwa ncha ya kanga. "Nyinyi na panzi wenu," alisema. Dada alicheka. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu baada ya hapo sikukisikia kwa muda mrefu.

Alikuwa amezika watoto wawili wachanga, mmoja kabla sijaja, wa pili mwezi wangu wa tatu pale nyumbani. Baada ya huyo wa pili alinyamaza. Alikaa na mgongo ukutani, maziwa yakilowesha gauni, na akiguswa alipiga kelele ambazo zilifika hadi kwa muuza mafuta ya taa barabarani. Alivunja birika. Siku moja alitoka peku akaenda ufukoni, akarudishwa na wavuvi. Kuanzia hapo nyumba nzima ilikuwa na swali moja, na halikuwa kama anaumwa nini. Lilikuwa ni nani aliyemshika.

Bi Zena aliwajua majini wa kwao wote kwa majina na tabia, na alinifundisha akichagua mchele, ungo mapajani, akitoa jiwe moja kwa kila jina. Kuna kinyamkera, anayekaa ndani ya kimbunga cha vumbi na kuharibu watoto. Kuna kibwengo, wa kwenye maji na miti mikubwa, mjinga lakini msumbufu. Kuna subiani, na hapo aliteremsha sauti. Huyo anakunywa damu, anakula mimba tumboni, na kumtoa ni kazi ya moshi wa pilipili na damu ya mbuzi, na wapo wanawake waliotolewa subiani wakatoka na roho yao pamoja. Halafu kuna ruhani. Bi Zena akisema ruhani alikaa vizuri na kufunika kichwa. Ruhani ni jini msafi, msomi, anajua Kurani kuliko walimu. Hatolewi. Anakaribishwa. Anataka nguo nyeupe, marashi, ubani, na mtu aliyekaliwa naye, anayeitwa kiti chake, huheshimiwa. "Ruhani akikupenda," alisema, "humwogopi mtu tena." Mimi nilisikiliza huku nywele zikinisimama, na jioni yake sikuthubutu kwenda kisimani.

Hofu ile ilikutana na nyingine niliyokuja nayo. Bibi yetu wa Izigo hakuwa na majini. Alikuwa na mizimu yake. Alikuwepo Wamara wa kuzimu, na Irungu mwenye mapori, ambaye humpoteza mtu hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Na alikuwepo Mugasha, mwenye ziwa, upepo na mvua, ambaye bibi hakumtaja kama kuna wingu. Mtu aliyeshikwa na Mugasha, bibi alituambia, hapandishwi chombo. Anarudishwa kwao kwanza, aombewe na wanaojua, vinginevyo ziwa litamdai yeye na wote alio nao. Padre naye alikuwa amewafunga wote hao kwenye kamba moja na kuwaita Shetani, kazi imekwisha. Nilijaribu sana kuamini vya padre. Lakini Shetani wa padre alikaa kwenye kitabu, na Mugasha alikuwa hapo nje, nilimwona kila asubuhi nikienda shule, mpana, wa buluu, hana mwisho.

Kisha shemeji Rajabu akapata uhamisho wa kwenda bandari ya Mwanza. Alileta habari wakati wa chakula cha mchana, akiwa amefurahi, mikono imejaa wali. Mke atakwenda naye. Mama atabaki na nyumba, na mimi, Koletha, nitabaki na mama niendelee na shule. Dada aliinua uso kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Nikivuka ziwa hilo sirudi," alisema, kwa Kiswahili kizuri tu. Shemeji, ambaye hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana inaniuma zaidi, alimwambia atapenda, Mwanza kuna soko kubwa. Usiku huo na siku zilizofuata dada alizidi. Alianza kutetemeka kila wingu lilipotanda ziwani. Hakutaja jina lolote, lakini mtu wa Izigo hahitaji kutajiwa.

Bi Zena akamwita Mwalimu Sefu. Alikuwa mzee mwenye asili ya Tabora, alifundisha watoto Kurani asubuhi, na mchana alipunga pepo. Alikuja Alhamisi baada ya adhuhuri, shemeji akiwa kazini. Kazi hiyo ilifanyika chumba cha ndani, dirisha limefungwa, chetezo kinatoa moshi mzito wa ubani hadi machozi yakanitoka. Tulikuwa wanne tu: dada chini ya shuka kwenye mkeka, Mwalimu mbele yake, Bi Zena mlangoni, na mimi, ambaye niliitwa kwa sababu moja. "Siku hizi pepo akipanda anasema Kihaya tu," Bi Zena alimweleza Mwalimu. "Mtoto huyu atatufasiria." Mwalimu aliniangalia. "Binti, atakachosema ukiseme kama kilivyo. Hawa hawapendi kuongopewa." Nje ngurumo zilikuwa zimeanza upande wa ziwa. Nilitaka kukojoa. Nilitaka mama yangu. Nilisema, "Ndiyo, Mwalimu."

Alisoma muda mrefu. Dada akaanza kutikisika, mabega kwanza, halafu kichwa, na pumzi yake ikawa ya mtu anayepanda mlima na mzigo. Mwalimu akauliza, kwa utaratibu, bila kupaza sauti, "Wewe uliyemkalia Salma, ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini?" Mvua ikaanza kupiga bati. Akauliza mara ya pili. Ndipo dada aliposema, ameelekea ukutani, haraka na kwa sauti nene ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. "Gambila tata aije antwale." Mwambie baba aje anichukue. Alirudia, na safari hii aliongeza kwamba asivushwe, kwamba watoto wake wako hapa ardhini, kwamba aje upesi kabla ya meli.

"Anasema nini?" Bi Zena aliuliza.

Nimekuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kuyapanga yaliyopita kichwani mwangu wakati ule, na sijafaulu kuyapanga yakakaa. Niliamini ni Mugasha anayesema, huo ni ukweli wangu mmoja. Sauti nene, mvua, ngurumo, neno la kutovuka: bibi asingehitaji ushahidi mwingine. Na niliogopa kulitaja jina lake kwenye chumba kile chenye giza, aligeukie anayelitaja. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, ndogo, yenye akili zake timamu. Nikisema ni Mugasha, au nikisema tu kwamba anataka baba aje, dada atarudishwa Izigo. Karani hawezi kukaa na mke aliyerudishwa kwao na mizimu, ndoa itakwisha, na mdogo wa mke aliyeachwa hana kitanda nyumbani kwa Bi Zena. Jembe liko pale pale. Na tena, nikikaa kimya, Bi Zena mwenyewe atasema ni subiani, amekula watoto wawili, na pilipili zilikuwa tayari kwenye kijisahani karibu na mlango. Niliziona. Hofu zilikuwa tatu, kwa hiyo, na moja tu kati ya hizo ilikuwa ya kumhurumia dada. Mara nyingi nimejaribu kuisogeza hiyo ya huruma iwe ya kwanza. Haikubali.

"Anasema yeye ni ruhani," nilisema. "Anataka nguo nyeupe na marashi."

Bi Zena alishusha pumzi na kufunika kichwa. Mwalimu hakuonyesha kushangaa. "Anaikataa safari?" aliuliza. "Hapana," nilijibu. "Safari anaipenda." Wakati huo dada aligeuza uso kutoka ukutani. Shuka ilikuwa imemtoka kichwani. Alinitazama, macho yake yakiwa meupe na matulivu, macho ya mtu aliye macho kabisa, kisha akayafumba. Mwalimu akasema, "Assalaam aleikum, ewe ruhani." Na dada yangu, ambaye alikuwa ameacha kutetemeka, akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti nyororo ya taratibu ambayo haikuwa yake, wala haikuwa ile nene: "Waaleikum salaam. Mmenichelewesha." Hapo nilijikojolea. Sioni aibu kuandika hivyo. Nilikuwa nimeweka kiti mbele ya mlango usiokuwa na mtu, na mtu ameingia akakikalia.

Siku ile iliyobaki, wote walifurahi. Bi Zena alipika pilau. Shuka nyeupe ilinunuliwa dukani kwa Mhindi, mrashi ulitoka kwenye sanduku lake mwenyewe, wa mahari yake. Dada alitulia, akaoga, akala. Tangu augue tulikuwa tukilala chumba kimoja, na kuanzia siku ile nililala nimeelekea mlangoni, nikiisikiliza pumzi yake na kujiuliza ni ya nani. Wiki iliyofuata baba alikuja mjini kuuza kahawa. Tulikutana sokoni, maana nyumba haingii. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alinipa ebitoke, akaniuliza masomo, akawa kama anataka kuondoka, kisha akasema bila kuniangalia, "Dada yako je?" Alikuwa hajawahi kuuliza hivyo. Baadaye mama yetu aliniambia kwamba wakati ule angeitwa hata na mtoto angeingia nyumba ile. "Hajambo, Tata," nilisema. Ruhani nilimtaja kwa hofu. Hili la sokoni nililisema mchana kweupe, nimesimama kwenye jua, na hakuna jini wa kumsingizia.

Meli iliondoka alasiri. Dada alipanda amevaa shuka nyeupe, watu wakimpisha. Nilisimama gatini nikingoja Mugasha akasirike, nikaomba kwa namna ya padre na kwa namna ya bibi, kwa Mungu mmoja na kwa wale wote wengine, meli isizame. Ziwa lilikuwa kimya kama maji ya kwenye beseni. Hilo liliniogopesha kuliko dhoruba, kwa sababu kama Mugasha hakuwemo, basi aliyesema maneno yale chumbani alikuwa nani? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na tayari nilijua jibu, nikaenda nalo shule Jumatatu. Nilimaliza. Nikawa mwalimu. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinipeleka mbali, na mshahara juu.

Mwanza nilikwenda mara mbili tu nikiwa mtu mzima. Nilimkuta ana watoto wawili wazima, Hamisi na Zuhura, na chumba cha mbele chenye mkeka na chetezo, ambako kila Ijumaa wanawake walikuja kumweleza ruhani shida zao. Alikuwa mtu mkubwa, dada yangu. Shemeji alimsikiliza hadi anakufa. Lakini kwetu hakuja, hata msiba wa baba. Alituma sukari na sanda, na ujumbe kwamba ruhani wake hapendi ziwa. Niliusoma ujumbe huo nimesimama kaburini, nikajua ameniandikia mimi. Mara ya kwanza niliyokwenda, nilibaki naye peke yetu tukimenya vitunguu, nikasema, "Leokadia, ile siku ya Mwalimu Sefu..." Aliweka kisu chini. "Usimtaje," alisema kwa Kiswahili. "Anasikia." Sikujua kama ananitania, ananiadhibu, au ananionya. Nilimaliza vitunguu vyangu nikaaga mapema.

Mwaka huu Hamisi alinipigia simu kwamba mama hali chakula. Nilifika wakati wa alasiri. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa moshi wa udi, wanawake wamejifunika, na dada yuko kwenye mkeka, mdogo mno, shuka nyeupe imemzidi. Zuhura alinipokea mlangoni akinong'ona, "Mama mdogo, tumeshukuru umekuja. Ruhani amepanda tangu jana. Anasema lugha yake, sisi hatuielewi." Sikumwelewa hadi nilipopiga magoti na kusikia. Kilikuwa Kihaya. Watoto wake wamekua hadi wameota mvi bila kumsikia mama yao akisema Kihaya hata mara moja, na sasa walikaa hapo na adabu zao zote wakidhani ni lugha ya majini.

Alikuwa ameelekea ukutani. "Gambila tata aije antwale," alisema. Sauti haikuwa nene. Ilikuwa yake, ile ya nyuma ya ua wakati wa senene, imechakaa tu. Alisema tena. Niliogopa kama nilivyoogopa siku ile, sawasawa, kana kwamba hofu ilikuwa imehifadhiwa mahali ikiningoja nirudi kuichukua. Niliogopa kwamba nikifungua mdomo litatoka lile lile.

Hamisi alisogea karibu, kofia mkononi. "Mama mdogo, wewe unaijua lugha hii. Ruhani anasema nini?"

"Ruhani hayupo," nilisema. "Ni mama yenu. Anasema baba aje amchukue ampeleke nyumbani."

Wanawake waliangaliana. Hamisi alisema kwa upole kwamba babu alishafariki zamani. Nilimjibu kwamba najua, nilikuwepo. Kisha niliinuka, nikauliza nguo zake ziko wapi, nikaanza kuzifunga.